Kiti cha Marehemu Amador

Jumanne, tarehe 6 Septemba 2011. Madrid iliamka na joto la vumbi. Hapakuwa na upepo, na mbingu juu ya uwanja wa ndege ilikuwa nyeupe kama shuka iliyofuliwa mara nyingi.

Sajini Hermitas Louro wa kituo cha polisi cha Cedeira alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji nje ya jengo la abiria, akisubiri basi la Ferrol. Alikuwa amevaa kiraia, na viatu amevilegeza kamba. Tangu Jumapili alikuwa akizunguka kiwanja cha malori kilicho nyuma ya uwanja wa ndege, akiuliza maswali yale yale aliyoyauliza majira ya baridi na kupata majibu yale yale. Hakuna aliyeona kitu. Hakuna aliyesikia kitu. Sasa alikuwa anarudi kwao Galicia mikono mitupu, safari ya kutwa nzima ndani ya basi, na Jumatatu ijayo Ramiro Pazos angesimama kortini kwa shtaka la kuua.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ramiro na mshirika wake, Amador Freire, walikuwa wakileta samaki Madrid kwa lori. Usiku mmoja kabla ya Krismasi waliegesha pale kiwanjani wapumzike. Asubuhi Ramiro alirudi Cedeira peke yake. Alisema alilala, alipoamka Amador hayupo, akadhani ameondoka na mwanamke kama ilivyokuwa tabia yake. Lakini kiti cha Amador kilikuwa na damu, na damu ilikuwa ya Amador. Maiti haikuonekana mpaka leo. Hakimu alitosheka na damu. Sajini Hermitas hakutosheka, ila kutotosheka si ushahidi.

"Ee Bwana," alinong'ona, "nionyeshe hata uzi mmoja tu."

Alipoinua macho alimwona Bibi Erundina Freire, mama yake Amador, anakuja polepole kutoka upande wa malori. Alikuwa na nguo nyeusi kutoka kichwani mpaka miguuni, fimbo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliunyoosha kidogo pembeni, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyemshika mwenzake.

Sajini alielewa mara moja. Mtu wa pwani ya Cedeira haelezwi jambo hilo. Asiyefika Teixido, kwenye kanisa la hija la Mtakatifu Andrea, akiwa hai, atafika akiwa mfu, na ni kazi ya walio hai kumsindikiza. Huenda kaburini wakamwalika. Asiye na kaburi hualikwa pale alipoonekana mwisho.

"Binti wa Louro!" bibi aliita. "Na wewe uko huku?"

"Niko, bibi. Kazi."

"Kazi gani isiyoisha hiyo? Mimi nimemaliza yangu asubuhi moja. Nimemwita, amekuja." Akatazama pembeni yake kwa upole. "Msalimie Sajini, Amador. Usimwogope, leo hajavaa sare."

"Shikamoo, bibi," Sajini alisema. Kisha akaongeza, "Habari za siku nyingi, Amador."

Mlango wa kioo ulifunguka akatoka Balbina, mke wa Amador, akivuta sanduku dogo la magurudumu. Baada ya msiba alikuwa amehamia Geneva kufanya kazi hotelini. Ndege yake ilikuwa imetua muda si mrefu. Mama mkwe alikuwa amemwandikia kwamba mke wa marehemu asipokuwepo safari haikamiliki, naye hakupata njia ya kukataa.

Wakakumbatiana. Kisha bibi akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, msalimie mumeo."

Balbina aliganda. "Yuko wapi?"

"Si huyu hapa!"

Mwanamke aligeuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma ya benchi na nyuma ya mtambo wa tiketi. Rangi ilimtoka usoni. Ndipo macho yake yakaangukia mkono wa bibi, uliokuwa umeshika hewa, na pumzi ikamtoka yote.

"Ah," alisema. "Roho yake."

"Ulidhani nini, mwanangu? Buti zake?"

Sajini Hermitas aliinama kufunga kamba za viatu. Alichukua muda mrefu kuzifunga.

Dereva wa basi aliitwa Fuco, mtu wa Ortigueira mwenye tumbo na masharubu. Alipokea tiketi za bibi akazihesabu kwa kidole.

"Tatu hizi, mama. Nawaona wawili."

"Tuko watatu. Tunakwenda Teixido."

Fuco alivua kofia. "Pole kwa msiba, mama." Kisha akaitazama hewa iliyokuwa kati ya wale wanawake. "Karibu, kaka. Ngazi ya pili ni ndefu, angalia usijikwae."

Nyuma yao alisimama Mholanzi mmoja mrefu kama mlingoti, mwenye mkoba wa mgongoni na kombe la baharini, alama ya mahujaji, likining'inia. Alipitisha macho kwa dereva, kwa bibi, kwa hewa.

Bibi Erundina alimpa mwanawe dirisha, kwa kuwa tangu utotoni alipenda kuona njia. Yeye akaketi kando yake. Balbina alikaa ng'ambo ya ujia. Sajini alichagua kiti cha nyuma yao. Basi lilipoondoka Balbina alifanya ishara ya msalaba mara tatu, akabusu kidole gumba. Si mwanamke asiyeamini, Sajini alijiambia. Hilo aliliweka akilini.

Nyanda kavu za Castilla zilipita dirishani, za manjano, zisizokwisha. Bibi Erundina alimsimulia mwanawe kila kitu. Huyu hapa mnara wa kanisa, Amador. Hawa hapa kondoo. Mwishowe akaenda msalani, na aliporudi alikuta mkoba wa Balbina juu ya kiti cha dirishani.

"Balbina!"

"Nini, mama?"

"Toa mkoba wako mapajani mwa mwanangu!"

Basi zima liligeuka. Balbina aliudaka mkoba kama umeshika moto. "Samahani, mama. Nilisahau."

"Umesahau mume wako amekaa wapi? Nyuma huko nafasi tele, wewe unakwenda kumrundikia mizigo marehemu?"

"Geneva hiyo," mwanamke mmoja alinong'ona. "Huko hata watakatifu wanapanga foleni."

Watu wakacheka chini chini. Sajini hakucheka. Alikuwa anamtazama yule Mholanzi. Walipotoka uwanjani alikaa viti vya nyuma kabisa. Baada ya kituo cha kwanza alihamia katikati. Sasa alikuwa safu mbili tu kutoka kwa Balbina, na macho yake hayakutulia, yakienda kwa wale wanawake na kurudi.

Walipofika Benavente, Fuco alisimamisha basi kwenye kituo cha mapumziko. "Nusu saa! Atakayechelewa atafika Galicia kwa miguu, na thawabu atapata!"

"Tunashuka, Amador," bibi alisema. "Njoo unyooshe miguu."

Balbina alikuwa ameshafika mlangoni. Mholanzi alimfuata. Sajini alimfuata Mholanzi, na mbele ya duka akamgusa bega.

"Bwana, una shida gani na wale mama?"

Mholanzi alishtuka. Kihispania chake kilikuwa cha kuokotezwa. "Shida? Hapana. Magoti tu." Aliyaonyesha. Yalikuwa yamekwaruzwa na kiti cha mbele yakawa mekundu. "Pale kwa bibi kuna kiti kitupu, nafasi ya miguu kubwa. Nataka kuomba, naogopa. Anaongea nacho."

Bibi Erundina, aliyekuwa akipita, alisikia. "Si kitupu, baba. Kina mwanangu."

"Samahani sana, mama. Sikumwona."

"Hata mimi simwoni," bibi alisema. "Wewe kaa kile cha mbele ya mlango, mwambie dereva nimekuruhusu. Miguu kama hiyo Mungu hakuiumbia basi."

Ndivyo uzi wa Mholanzi ulivyokatika. Sajini aliingia dukani, akachukua kahawa, akasimama foleni nyuma ya Balbina. Mwanamke alikuwa ameshika jozi mbili za soksi nene za kutembelea, za kijivu, zenye mstari mwekundu juu. Kibandiko kilisema za kiume, namba arobaini na tano.

"Soksi nzuri," Sajini alisema.

Balbina aligeuka. "Ah, Sajini. Ndiyo. Za kesho, za kutembea."

"Za nani?"

"Zangu. Nikitembea miguu huvimba."

Sajini alitazama chini. Balbina alikuwa na sandali, na mguu wake ulikuwa mdogo kama wa msichana wa shule. "Hata yangu imevimba, dada, lakini haijafika huko."

Balbina alicheka kicheko kifupi, akalipa, akatoka.

Sajini alimpigia simu Koplo Celso, aliyebaki kituoni Cedeira. Celso alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, na sauti yake daima ilikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Celso, zile buti za mpira tulizozitoa kwenye lori. Za Amador. Namba ngapi?"

"Arobaini na tano, afande. Nilizibeba mwenyewe, zilinuka wiki nzima."

"Mke wake amenunua soksi za namba hiyo."

Kisha Celso akasema, "Ana mwanamume mwingine, huyo. Mwanamume mwenye miguu mikubwa. Wawili hao ndio waliomuua Amador, na Ramiro wa watu analala ndani bure."

"Inawezekana."

"Hujapendezwa nayo, afande."

"Nimechoka, Celso. Jioni akifika mfuate kila aendako."

Dhana ya Celso ilikuwa na kichwa na miguu. Lakini mke aliyemuua mumewe kisha akaambiwa "huyu hapa mumeo" angeogopa mzimu. Angetazama chini, au angepiga magoti, au angelia. Balbina hakuogopa mzimu. Alitafuta nyuma ya benchi. Sajini alilala akiliwazia hilo, kichwa kikigonga kioo, mpaka milima ya Galicia ilipoanza na mvua nyembamba kulowesha vioo.

Asubuhi ya Jumatano Celso alikuja na taarifa yake, kofia mkononi.

"Jana jioni alitoka, afande. Alikwenda kuwasha mshumaa kanisani. Nilikaa mlangoni mpaka wakafunga. Hakutoka."

"Kanisa lile lina milango miwili, Celso."

Celso aliigeuza kofia. "Nilibatizwa mle," alisema kwa huzuni, "na sikukumbuka."

Njia ya kwenda Teixido hupanda kutoka Cedeira, ikapita nyika ya vichaka vya miiba juu ya majabali, na bahari chini kabisa ikinguruma ndani ya ukungu. Siku hiyo ya mkesha wa sikukuu mahujaji walikuwa wengi, wazee, vijana, watu wenye fimbo, watu wenye watoto migongoni. Bibi Erundina alikwenda mwendo wa kobe, na kila njia panda alimwelekeza mwanawe. "Kushoto, Amador. Huko kulia ni kwa ng'ombe." Balbina alimshika mkono. Sajini alifuata. Celso alikuwa nyuma zaidi na mkate kwapani, akijifanya hujaji, kazi iliyomshinda kwa kuwa kila mtu alimsalimia kwa cheo.

Mbele yao kidogo alitembea Delfina, mke wa Ramiro. Alikuwa peku. Hakuna aliyemkaribia. Wengine walimwonea haya, wengine walimwona mke wa muuaji. Tangu asubuhi midomo yake ilikuwa ikisogea kwa rozari, na nyayo zake zilikuwa zimeanza kuacha alama nyekundu mawe yalipokuwa makali.

Bibi Erundina alikuwa amemwona. "Hata yeye ana mtu wake wa kumwombea," alisema tu.

Walikuwa wamekaribia rundo la mwisho la mawe, pale ambapo kila hujaji hutupia jiwe lake, mjusi alipojitokeza. Alikuwa wa kijani kibichi, mkubwa, akakaa katikati ya njia akitweta. Msafara wote ulisimama. Kwenye njia ya Teixido hakanyagwi kiumbe, hata chura, hata siafu, kwa maana huenda ni roho inayotimiza safari ambayo mwili haukuifanya.

Bibi Erundina alishuka chini kwa shida, akapiga magoti. "Ni wewe, Amador?" Alimnyooshea kiganja. "Umechoka kunishika mkono, umeamua kutembea mwenyewe?"

"Inuka, mama," Balbina alisema. "Si yeye."

Kisha akainama yeye mwenyewe, akakusanya sketi yake isimguse mnyama, akasema taratibu, "Pita, baba. Pita salama." Na mjusi akapita, akapotea vichakani.

Baba yake Balbina alikuwa amezikwa zamani, na Sajini alikumbuka kwamba alikuwa mgonjwa wa miguu ambaye hakuwahi kufika Teixido.

Sajini Hermitas alisogea karibu. Hakupandisha sauti.

"Balbina, yule mjusi. Alikuwa baba yako?"

"Huenda. Nani ajuaye?"

"Nani ajuaye," Sajini alikubali. "Angeweza kuwa baba yako. Angeweza kuwa babu yangu. Angeweza kuwa mtu yeyote aliyekufa kabla ya kufika hapa."

"Ndiyo."

"Basi umejuaje si mumeo?"

Balbina alianza kuikunjua sketi aliyoikusanya.

"Umejuaje, dada?"

"Nilisema tu. Ili mama ainuke, ardhi ina baridi."

"Jana uliweka mkoba juu yake, kwa sababu ulijua hakuna mtu kile kiti. Uwanja wa ndege uliambiwa yupo, ukamtafuta nyuma ya benchi, kwa sababu ulidhani ametokea mwenyewe na kuharibu mambo. Ungekuwa huamini haya, ningesema mjane wa kisasa. Lakini unaamini, Balbina. Umemfungulia njia baba yako mbele ya macho yangu. Kuna mtu mmoja tu unayejua kwa hakika hawezi kuwa mjusi."

Bibi Erundina bado alikuwa amepiga magoti. Aliinua uso. "Anasema nini huyu, Balbina?"

"Sijui, mama."

"Fungua mkoba," Sajini alisema. Ndani mlikuwa na kitana, pasipoti, maji na jiwe la rundo. "Soksi ziko wapi?"

"Nimezisahau nyumbani."

"Haya." Sajini alimgeukia bibi akamsaidia kusimama. "Tupumzike hapa kidogo, bibi. Sote tumechoka."

Akawaketisha kwenye ukuta mfupi wa mawe kando ya njia, Balbina katikati yake na Celso. Kisha akafanya lile ambalo mwili wake ulilitamani tangu Madrid. Alikaa, akainamisha kichwa, akatazama chini.

Mahujaji walipita. Hakutazama nyuso, maana uso hufuga ndevu, huvaa kofia. Alitazama miguu. Raba zilizopasuka, buti za kijeshi, ndala, viatu vya kanisani vilivyojuta kuja. Soksi zilizochakaa, soksi zilizolowa, nyingi zikiwa zimevaliwa siku nyingi njiani. Yule Mholanzi alipita akawapungia mkono. Wakapita wanawake wa Ortigueira wakiimba. Na nyuma yao, akijikongoja, mtu mwenye buti kubwa zilizochoka na, juu ya buti hizo, soksi mpya kabisa za kijivu zenye mstari mwekundu.

Sajini aliinua macho polepole. Mtu huyo alikuwa na ndevu mpaka kifuani, kofia ya majani imeshushwa, fimbo mkononi. Alikuwa akitembea upande wa mbali wa njia, uso ameuelekeza baharini. Mtu yeyote angeweza kununua soksi kama hizo. Kumsimamisha ovyo kungemfanya Balbina apige kelele, na mtu huyo angetokomea kwenye ukungu.

"Bibi," Sajini alisema kwa sauti ya kawaida, "umemwambia mwanao kwamba tunapumzika? Asije akatutangulia."

"Uuh, kweli!" Bibi Erundina alinyoosha mkono wake wa kushoto, akasema kwa nguvu, kama mama aitaye mtoto kutoka mlangoni, "Amador! Simama, mwanangu. Tumepumzika hapa."

Zile buti zilisimama.

Kilikuwa kitambo kifupi tu, kama mtu anayekwepa jiwe, na mara zikaanza tena kwenda, haraka zaidi. Lakini Celso safari hii hakuwa na mlango wa pili wa kusahau. Alikuwa ameshasimama mbele yake, mkate kwapani.

"Umeitwa na mama yako, bwana," Celso alisema. "Kwetu huku mtu akiitwa na mama yake huitika."

Kofia ilianguka. Balbina aliuficha uso wake viganjani. Wanawake wa Ortigueira waliacha kuimba, mmoja mmoja, wakarudi wakazunguka. Delfina alikuja akichechemea, rozari imening'inia kidoleni.

Bibi Erundina alisimama bila fimbo. Alimwendea yule mtu akamshika shavu, akashika ndevu, akashika sikio. Aliweka kiganja kifuani pake akasikiliza kama mganga.

"Ana joto," alisema. Hakuwaambia watu, alijiambia mwenyewe. Kisha akampiga kofi lililosikika mpaka chini majabalini.

"Mama," Amador alisema. "Nilitaka kukuona tu. Kwa mbali. Balbina alinikataza. Niliposikia unakuja kuniombea, sikuweza kukaa."

"Onyesha mkono," Sajini alisema.

Amador aliufungua mkono wa kushoto. Katikati ya kiganja palikuwa na kovu refu, la kisu.

"Damu ile."

"Ndiyo." Aliufunga mkono. "Tulikuwa tunapitisha tumbaku chini ya samaki. Mimi nilikuwa napitisha, Ramiro hakujua kitu. Nilitaka kuacha, wenye mzigo wakasema anayeacha hutupwa baharini. Ramiro alikuwa amelala. Nikajikata, nikaacha damu ili wale watu waamini mwenzao mmoja amenimaliza, nikaenda. Haki ya Mungu sikujua watamkamata Ramiro."

"Ulipojua?" aliuliza Delfina.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi, na sauti yake ilikuwa imekauka. Amador hakumtazama.

"Nakuuliza. Walipomkamata ulijua. Walipomnyima dhamana ulijua. Mwanangu anaitwa mtoto wa muuaji shuleni. Hilo nalo Balbina alikuandikia, au hakukuandikia?"

"Wangeniua, Delfina."

"Kwa hiyo ukamwachia mume wangu zamu yako."

Ukungu ulikuwa umepanda, matone yakiwakaa watu nyusini. Sajini Hermitas aliangalia nyuso zile akajua jambo ambalo miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha: mtu aliyekamatwa mlimani husema kweli, akifika ofisini na wakili kando yake huanza kusahau. Pingu zilikuwa mfukoni mwa Celso. Hazingemsemesha mbele ya hakimu.

Bibi Erundina naye alikuwa amefika hapo hapo kwa njia yake.

"Amador. Nimesema nawe tangu Madrid. Nimekuonyesha kondoo, nimekuonyesha makanisa, nimekuamsha kila kituo, hukunijibu neno. Nilivumilia, nikasema ni marehemu. Sasa utanijibu. Huyu mwanamke ametembea peku kwa ajili ya mumewe. Utamwambia nini Jumatatu? Usiniambie mimi. Mwambie yeye, mbele ya hawa."

"Mama, wale watu..."

"Kwenye benchi la mashahidi nitakaa nawe mimi," Sajini alisema. "Na kabla ya Jumatatu hutalala mahali nisipopajua. Zaidi ya hilo sina cha kukupa."

Amador alitazama njia aliyotoka. Ilikuwa imejaa watu. Akatazama nyayo za Delfina, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia ambayo haikuwepo tena kichwani, mkono ukapita hewani bure, naye akaushusha.

"Jumatatu," alisema.

"Hatusikii," alisema mwanamke mmoja wa Ortigueira.

"Kwa sauti, mwanangu," alisema Bibi Erundina. "Wewe si marehemu tena."

Akanyoosha mgongo. "Mimi, Amador Freire, niko hai," alisema, na safari hii hata waliokuwa kwenye rundo la mawe waligeuka. "Naahidi mbele ya Mtakatifu Andrea, mbele ya mama yangu, na mbele yenu nyote mliosimama hapa. Leo hii nashuka na Sajini mpaka Cedeira. Na Jumatatu nitasimama kortini nimwambie hakimu kwamba Ramiro Pazos hakunigusa hata unywele, na kwamba aliyestahili kukaa pale alipokaa ni mimi. Delfina, umenisikia. Mumeo atarudi nyumbani."